Mawe Yaliyobebwa Bure

Kitaji, Musoma
Jumatano

Mdogo wangu mpendwa Gaudensia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua tangu mvua zikatike. Sisi hatujambo. Mke wangu Recho anakusalimu na anashukuru kwa wale sato. Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nilikupigia mara mbili, na zote mbili nikaishia kukuuliza habari za mihogo.

Jumapili yule kijana Evance alikuja kutoka Bunda na kompyuta yake kunionyesha makadirio ya wodi ya wazazi mtakayojenga hapo Murangi. Ana adabu, hilo siwezi kumnyima. Alinieleza kwamba alichukua gharama ya zahanati yenu ya zamani, akaigawa kwa mita zake za mraba, akaongeza kupanda kwa bei tangu wakati ule, kisha akazidisha kwa ukubwa wa wodi. Ndiyo njia yenyewe. Nilipokuwa mkadiriaji wa wilaya niliitumia mpaka nikastaafu. Jengo la zamani hukupa bei ya jengo jipya, mradi ujue lile la zamani lilijengwaje.

Tukiwa bado mezani simu yake ikalia. Ulikuwa wewe. Nilisikia ukicheka, ukamwita injinia wetu, ukamwambia kwamba bila yeye kamati yako ingekwama. Gaudensia, miaka yote mtu akitaka kujenga hata banda la mbuzi, ulikuwa unasema tumuulize kaka. Kijana alipotoka kunawa, Recho aliniambia kwamba nimenuna kama kambale, na kwamba nilikuwaga mtu mzima kabla injinia hajafika.

Evance aliporudi aliniuliza kama kuna kitu amesahau. Nikamjibu kwamba hakuna, iko sawa.

Haiko sawa. Zahanati ile tuliijenga kwa msaragambo. Mawe ya msingi waliyateremsha wanaume wa kijiji kutoka mlimani, mchanga mliubeba ninyi kina mama vichwani kutoka ziwani, nawe ukiwa na mimba ya Gasper. Hakuna aliyelipwa, kwa hiyo hesabu za zamani zina saruji, mabati na fundi tu. Evance hakuwa amezaliwa, angejuaje? Msimamizi nilikuwa mimi. Siku hizi mawe na mchanga huja kwa lori, na kila anayebeba analipwa. Kwa makadirio yale, michango mliyokusanya kwa wavuvi itakwisha kuta zikiwa kwenye lenta, juu ya madirisha tu, na wajawazito wataendelea kujifungulia njiani wakiletwa Musoma.

Nililijua hilo nikanyamaza. Nilitamani kuta zisimame bila paa mpaka mnikumbuke. Ni wivu, mdogo wangu, sina jina lingine la kuupa.

Basi kamati ikikaa Jumamosi, msiyatie sahihi makadirio hayo. Yaongezwe mawe, mchanga, maji na mikono ya watu. Uwaambie wanakamati kwamba kijana hakukosea hesabu. Aliuliza, na aliyejua akamficha. Evance nitamwambia kwa mdomo wangu.

Barua anakuletea Gasper huyo huyo, mpe chai kwanza. Wasalimie wajukuu na majirani wote. Na ukishampigia injinia wenu, nipigie na mimi, hata kama ni kuniuliza bei ya misumari tu.

Kaka yako,
Stanslaus Mugeta