Nimeisikiliza Injini ya Boti Yenu

Mpendwa binti yangu Wairimu,

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwa simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa nakasirika, halafu tunaishia kuongea bei ya nyanya. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ni wiki sita tangu boti yenu ya mbio ipinduke kule Italia. Marko, mwenzako anayeshika usukani, bado anatembea kwa magongo. Wewe hukuumia hata ukucha, lakini umeiambia timu hutaki tena mashindano. Ukanipigia ukaniuliza, "Mami, ni mimi nilifanya?" Nikakuuliza bei ya nyanya huko. Ulidhani sikusikia swali.

Ulikuwa darasa la sita nilipoanza kukuachia mashine yangu ya kusaga unga hapa Gatongora. Ile injini ya dizeli ilikuwa mzee kuliko mimi, na kifaa cha kuizuia isikimbie kilikuwa kimekufa zamani. Mahindi yakiisha, injini inapandwa na wazimu. Yakimwagwa mengi ghafla, inataka kuzima. Ilibidi mtu asimame na mkono kwenye leva ya mafuta, apunguze kabla haijakimbia, aongeze kabla haijachoka. Mimi nilikuwa natazama mahindi. Wewe ulikuwa umeyapa mgongo, unafanya hesabu za shule kwa mkono mmoja, mkono wa pili uko kwa leva. Mteja mmoja akaniambia, "Huyu mtoto ako na masikio ya ajabu, haki." Nikamjibu, "Ya injini anayo. Ya kutumwa dukani ndiyo hana."

Ukasomea ufundi Thika, ukaenda Mombasa kutengeneza injini za boti za watalii, na huko ile timu ya wageni ikakuchukua kama fundi. Nilijua utakuwa unashika spana tu. Kumbe siku moja mwenye kushika mafuta aliugua, wakakukalisha kwenye kiti chake. Ulinieleza kazi yenyewe: mko wawili, mmoja anaendesha, mwingine anashika leva za mafuta. Boti ikiruka juu ya wimbi, propela inakosa maji na injini inakimbia bure, kwa hivyo lazima upunguze kabla, uongeze ikitua. Nikakuuliza, "Hiyo si ni mahindi kuisha?" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Shida ilikuwa moja, hukujua kuogelea. Nani wa Gatongora anajua? Ulikuja likizo, tukawa tunaenda hoteli fulani ya Thika yenye bwawa, kila siku mwezi mzima. Nilikaa kando nimevaa sweta, nimeshika taulo na viatu vyako, watoto wa darasa la pili wakikupita ndani ya maji. Hukuona haya. Siku uliyovuka upande hadi upande nilipiga makofi mpaka mhudumu akaja kuuliza kama nimeita chai.

Mara mbili umekuwa bingwa. Huku kwetu siitwi tena mama Wairimu, naitwa mama boti, na ninaitika kwa maringo. Nakutazama kwenye picha umekumbatia kikombe, nywele zimelala kwa sababu ya helmeti, najiambia huyu nilimzaa mimi, na bado siamini.

Lakini nilikudanganya. Ulikuwa ukiniuliza, "Uliona vile tulipita ile kona?" nasema niliona. Sijawahi kutazama mbio zako hata moja mpaka mwisho. Boti ikianza kuruka nilikuwa naingia jikoni kuosha sufuria safi.

Juzi nilienda Juja kwa binamu yako Kamau, yule wa chuo kikuu, nikamwomba anitafutie video iliyochukuliwa ndani ya boti yenu siku ile. Akaniambia, "Anti, uko shua? Hiyo si ya kuangalia." Nikamwambia sikuja kuangalia, aongeze tu sauti. Nikaisikiliza mara nne, nimefumba macho.

Wairimu, kila mtu anakuambia ni wimbi. Timu inasema hivyo, hata Marko na magongo yake. Wanakupenda. Lakini hulali, kwa sababu masikio yako yanajua, na sasa yangu pia yanajua. Ulichelewa. Injini ililia kwanza, ndipo ukapunguza. Ni kidogo kama kupepesa jicho, lakini ulichelewa.

Usidhani ninakuumiza. Kile kidole changu kifupi, niliwaambia nyinyi watoto kwamba nilizaliwa nacho. Si kweli. Ulikuwa bado unanyonya. Belti ya mashine ilitaka kutoka, nikapeleka mkono kabla ya kuzima injini. Watu wote walisema belti ni mbaya, hata baba yako, nikakubali kwa sababu ilikuwa rahisi. Halafu nikakaa miezi mitatu siwezi kuikaribia mashine. Kama kosa ni la belti, litanirudia siku yoyote nikiwa nimesimama tu. Nilirudi kazini asubuhi niliyokiri ni mimi. Kosa langu naweza kujichunga nalo.

Sikuambii urudi, wala sikuambii uache. Umekuwa mtu mzima zamani, na katika kazi hiyo umenizidi mbali.

Ila kwenye video hiyo hiyo, kabla ya ile mara moja, nilihesabu mara sitini na tatu ulizopunguza kwa wakati. Hakuna aliyeziandika mahali popote. Mpigie Marko leo, kabla hujaamua lolote, umwambie kwa mdomo wako kwamba ile moja ilikuwa yako. Akimaliza kusema yake, mwambie zile sitini na tatu pia zilikuwa zako.

Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi,
Mama yako