Sura ya Kwenye Bango

Jumanne, Bungoma

Na ati nimshukuru! Yule msichana anayenichapishia mabango kule Kitale amenifanya mweupe. Jina ni langu, kiti cha wadi ninachogombea ni kile kile, lakini ngozi ni ya mtu mwingine kabisa.

"Si nimekung'arisha tu kidogo, mheshimiwa," akaniambia. "Kama wale wa kwenye video za muziki. Watu wanapenda hivyo."

Kando yake kulikuwa na bango la mpinzani wangu, mweusi tititi, na hakuna aliyemgusa. Nikauliza mbona. Akacheka. "Huyo si ni mwanaume, bana."

Bana! Na yeye mwenyewe ni mweusi kuliko mimi. Nikamwambia achapishe yote upya, na kama kura zinataka ngozi, zikae huko.

Nikapitia kwa Mama, Sirisia, nimwonyeshe upuzi huo tucheke pamoja. Weusi wangu huu nimeutoa kwake. Aliliangalia bango kwa muda mrefu, akalipangusa kwa ncha ya leso.

"Hapa ndio umetoka vizuri, mwanangu."

Amelibandika sebuleni, juu ya picha ya siku niliyohitimu. Limeifunika yote.