Mkanda wa Kamera na Mushanana

Alhamisi

Na bado sina mkanda. Jumamosi anaposwa Diane, binti ya kaka yangu. Ameniomba nipige picha, na shangazi lazima avae mushanana, vazi letu la sherehe. Kitambaa chenyewe kinashikwa na fundo moja begani. Mkanda wa kamera ukikivuta, kinateleza, nami nabaki kifua wazi mbele ya wakwe.

Maduka matatu leo! Mabegi ya mgongoni, mifuko migumu kama sanduku, mikanda yenye jina la kampuni kwa herufi kubwa, kana kwamba wameniajiri niwatangaze. Muuzaji wa mwisho akasema, "Mama, hii iko nzuri sana, mzee atapenda."

Mzee yupi? Kamera ni yangu! Nilimhutubia mpaka wateja wakatoka.

Nilifika kwa fundi viatu wa Gikondo nikiwa bado nafoka. Nikamweleza yote, posa na mushanana; akanisikiliza, sindano mkononi, kisha akauliza, "Mushanana unafunga kwa bega gani, mama?"

"La kushoto."

"Basi tuache mabega. Nitakushonea wa kiunoni, kamera ikae kwa nyonga."

Utakuwa tayari kesho.

Ningefurahi, lakini nimekasirika zaidi. Katika maduka yote matatu nilipigia kelele kila kitu, na sikumwambia mtu hata mmoja kwamba nitavaa mushanana.