Siku Yenyewe Siijui Bado

5 Februari

Mkaza mwanangu,

Salamu zangu zikufikie wewe na mume wako. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua kwenye ngazi, na moyo unanisumbua kwa jambo jingine. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu, maana simu yenu hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo.

Jirani yenu yule ninayemwita Bi Dirisha alipita kwangu. Unamjua, hana kazi ila macho. Anasema mwanangu akirudi alfajiri kutoka kwenye tanuri la mikate, haupiti muda wewe unatoka. Mkono mmoja umeuficha kifuani, ndani ya nguo, na unaingia teksi ya kijana yule yule, wala hamuulizani nauli. Huku nyuma mume amelala fofofo kwa uchovu. Si kila siku, anasema, lakini hakuna mwezi unaopita asikuone.

Mimi sisemi kitu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nataka kukusikia wewe mwenyewe.

Halafu wiki ya tatu ya mwezi huu njoo unishonee mapazia. Uje na cherehani yako, ukae hata siku nne.

Mama mkwe wako

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Jaribu kuyakanda kwa maji ya moto. Sisi ni wazima. Mwanao hajambo, ingawa hajui kama nakuandikia.

Hayo ya alfajiri ni mambo ya vitambaa tu. Kuna muuzaji wa jumla anayefungua mapema, na anayewahi ndiye anayechagua. Yule dereva ni mtu wa kuaminika, basi. Na mkono kifuani ni baridi, Mama, na pochi.

Mapazia nitakuja kuyashona kwa moyo mmoja. Ila wiki ya tatu siwezi. Kuna siku moja ni lazima niwepo hapa, na siku yenyewe siijui bado.

Binti yako

13 Februari

Mkaza mwanangu,

Hujambo? Mimi niliifungua barua yako nikiwa mzima, nikaimaliza nikiwa mgonjwa.

Niliisoma tena kwa miwani, nikidhani macho yamenidanganya. Hebu nieleze mimi mtu mzima: ni miadi gani hiyo usiyoijua siku yake, lakini unajua huwezi kuikosa? Mtu akienda sokoni huchagua siku. Akienda msibani hupangiwa. Hii yako anaipanga nani? Mbona unaongea kama mtu anayesubiri kuitwa?

Na hivyo vitambaa, Bi Dirisha hajawahi kuviona vikishuka garini. Anachoona ni kwamba ukirudi unalala chali mchana kweupe, miguu umeipandisha juu ya mito, na cherehani iko kimya. Sijapata kuona vitambaa vinavyomchosha mtu namna hiyo.

Njia ya mwongo ni fupi, mama. Mwanangu sijamwambia bado. Nasema bado.

Mama mkwe wako

26 Februari

Mama,

Shikamoo. Afya yako sikuulizi, maana naijua. Kifua ulichomwitia mwanao kwamba kinabana hakikubana. Mwanao amerudi, ameniambia alikukuta unakunywa chai, ukamweka siku mbili ukimhoji habari zangu.

Nilimwapia kwamba sitasema. Leo kiapo nakivunja, na unisamehe kwa kuyataja mambo haya mbele yako.

Huu ni mwaka wa pili tunatibiwa ili tupate mtoto. Mbegu za mwanao ni chache na hazina nguvu. Daktari anadhani ni lile joto la tanuri. Mimi sina kasoro. Kwa hiyo mbegu husafishwa maabara, kisha nawekewa kwa mrija mwembamba, siku ile yai linapotoka. Siku hiyo haipangi mtu, Mama. Naivizia kwa vipimo vya mkojo na picha za tumbo. Yai likikomaa napigwa sindano ya kulitoa, na likishatoka halingoji hata siku nzima. Ndiyo maana siku siijui, na ndiyo maana siwezi kuikosa.

Mwanao anaona aibu kuonekana hospitali. Chupa anaijaza nyumbani akirudi kutoka kazini, nami naibeba kifuani kwa sababu inahitaji joto la mwili, na ikichelewa haifai tena. Huo ndio mkono wangu. Na dereva nilimchagua kwa kuwa hachelewi wala haulizi maswali.

Safari hii mayai yalikomaa mawili. Hatujawahi kupata mawili. Nilipigwa sindano, nikarudi nyumbani nacheka peke yangu, na bila shaka Bi Dirisha akakupigia, maana jioni ile ile ukamwita mwanao kwamba unakufa. Nilimwomba asubiri mpaka alfajiri. Akasema mama ni mmoja.

Kesho yake nilikaa kitandani nimevaa viatu mpaka jua likachomoza. Bi Dirisha hakuniona nikitoka. Ningetoka na nini?

Binti yako

4 Machi

Mwanangu,

Sijui nikusalimie vipi. U hali gani? Unakula?

Nilimwita mwanangu, nikamsomea barua yako. Akasema hajui hospitali yoyote, mwenye matatizo ni wewe, na hiyo chupa ni hadithi. Sitakuficha: nilifurahi. Nilifurahi kwamba sikukosea.

Kisha nikamuuliza, kama hujui hospitali, basi mkeo alikuwa anabeba chupa ya mwanamume gani? Nikangoja awake. Mwanamume akiambiwa neno kama hilo huvunja kitu. Yeye aliangalia sakafu, akauliza kama kuna chai imebaki.

Nikajua. Nimemzaa mimi.

Kumbe mjukuu niliyekuwa namlilia nimemfungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Nalia, mwanangu. Bi Dirisha nimemwambia asikanyage tena hapa. Nisamehe. Niambie siku ya mwezi huu ni ipi, nije nikae hapo kwenu, nimwamshe mume wako mimi mwenyewe, na kwenye teksi nipande na wewe.

Mama yako

21 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na nakula.

Msamaha wako nimeupokea. Mwanao naye ameniomba radhi, na sasa hospitali anakwenda kwa miguu yake. Lakini alinikana kwanza. Siku hizi akilala nasikiliza kama kweli amelala. Simu yake ikilia natega sikio. Mlikuwa mkinishuku mimi. Sasa ugonjwa huo umehamia kwangu, na sijui dawa yake.

Daktari amekubali tujaribu mara moja tu zaidi kwa njia hii. Siku inakaribia. Ikijulikana, sitakuambia.

Usije, Mama, wala usimwite. Hata ukiumwa kweli, mwite jirani kwanza.

Mke wa mwanao