Ukizaa Litaisha

Shangazi,

Shikamoo. Cherehani uliyoniachia ni nzima, mshonaji ndiye mbovu. Wateja wananiita Mundu, kwa ninavyojikunja siku zangu zikifika.

Tangu nivunje ungo ulinituliza: “Ni chango tu, ukizaa litaisha.” Nikanywa mizizi yako, nikangoja mtoto aje na nafuu yake.

Juzi daktari alinichungulia tumboni kwa kamera. Kumbe nyama kama ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake, miaka yote hiyo, ikaziba mirija. Ataiondoa, maumivu yapungue. Kuzaa, amesema, nisahau.

Dawa uliyoniambia niingoje, ugonjwa wenyewe umeshaila.

Nasikia binti yako naye ameanza kujikunja kila mwezi. Umemwambia nini?

Mtoto wa kaka yako,
Mundu