Lango Lililosahauliwa Wazi

Penina dadangu,

Umeshafika kwenu Webuye, umeshazikwa, na mimi bado nina hasira na wewe. Afadhali niliseme hilo kwanza, maana unanijua, nikilimeza litanikaa kooni. Nimekulilia pia, tena sana, bafuni, bomba likiwa wazi ili madam asinisikie.

Hapa Riyadh kazi ni ile ile. Mamake madam bado ananiita kwa jina la msichana aliyenitangulia. Kilichobadilika ni Ijumaa. Wanaume wakishaenda msikitini na nyumba ikatulia, wasichana wote wa kundi letu la simu bado tunavaa vile visikizi vya masikioni chini ya mtandio, kana kwamba sauti yako itaingia. Unakumbuka ulivyokuwa ukirekodi mafundisho huku unapiga pasi kanzu za bosi wako kule Al-Nuzha, Jeddah? Kati ya sentensi na sentensi tulisikia pasi ikitoa mvuke. Nikishika pasi ya hapa sasa, inabidi nikae kwanza.

Miezi yote ile ulitufundisha habari za mitume waliofungwa na Warumi. Uliwapenda kama jamaa zako. Ulipotuambia Paulo alikaa Rumi kwenye nyumba ya kupanga, mnyororo mmoja yeye na askari wake, ukasema, "Mnamhurumia Paulo tu. Na huyo askari je? Yeye pia haendi popote." Nami na mdomo wangu usio na breki nikakurudishia hapo hapo: askari analipwa! Ulicheka mpaka ukaunguza kola ya watu.

Gereza la Filipi ndilo lililotugombanisha kweli. Paulo na Sila wamechapwa viboko, miguu imebanwa kwenye mkatale, wanaimba. Tetemeko linakuja, milango yote inafunguka, na wao wanakaa! Nilikuuliza, huo ni wazimu gani? Mimi ningekuwa nimeshafika stendi ya Batha, niko ndani ya basi. Ukasema Warumi hawakuwa na mchezo na mlinzi aliyepoteza wafungwa, na kwamba yule alikuwa tayari amechomoa upanga ajiue. Nikakwambia hilo ni shauri lake. Ulininunia karibu wiki nzima.

Kisha presha ikakuchukua, ukiwa jikoni, bila hata kuaga.

Tulipokuwa hosteli ya ajenti Nairobi, tukingoja visa, tuliahidiana kwamba atakayetangulia asirudishwe kwao kama mzigo. Mwenzake atamvalisha, atamsuka nywele. Ilikuwa mzaha, tukisukana. Lakini niliposikia sanduku lako litapanda ndege Jumapili, na kwamba wasichana wa Jeddah wameruhusiwa kuingia mochari kukutayarisha, nilimwendea madam. Usimfikirie vibaya. Alinishika mkono, akalia nami, akaniletea chai yeye mwenyewe. Ila kwenda Jeddah, mafi, hakuna. Mtu akishakufa, alisema, halas, yamekwisha, huyo ni wa kuombewa, safari ya nini? Kwao maiti huzikwa upesi. Nami Kiarabu changu cha jikoni hakikutosha kumweleza habari za nywele zako.

Ijumaa ikaja. Familia yote ilikuwa imetoka, nimeachwa na vyombo. Mzee Idris, yule Msudani anayelinda lango na kushika funguo, adhana ilimkuta bado anatawadha. Akatoka mbio, lango akalisukuma tu bila kulifunga. Nililiona kwa dirisha la jikoni. Nauli nilikuwa nayo. Nikatia nguo begini. Ningepata basi Batha, na kesho yake ningekuwa kando yako. Baadaye ningeishia mtaa wa Manfuha bila ikama, kile kibali cha kuishi huku, nimejificha na wenzetu waliotoroka, lakini hilo sikulijali hata kidogo.

Nilifika langoni, Penina. Nilishika chuma, kikasogea.

Na pale pembeni kuna kiti cha mzee Idris. Bosi alishamwambia mbele yangu: msichana akitoroka, na wewe utarudi kwenu mikono mitupu. Ana mabinti wanaosoma kule Kasala, hunionyesha picha zao hata nisipouliza. Nikakutukana, tena kwa sauti, maana nilijua ni nani aliyeniingizia mambo haya kichwani. Kisha nikakaa kwenye kile kiti nikalia.

Aliporudi akaona lango liko wazi, alianza kupiga kelele kabla hajaniona. Akaniona. Akaliona begi. Akakaa chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Wewe ulitufundisha kwamba mlinzi wa Filipi aliwaosha wafungwa majeraha, akawaandalia meza. Mzee Idris aliinuka, akajipangusa mchanga. Kisha akatoa ufunguo akafunga lango. Angefanyaje? Naye ana bosi.

Jumapili ukaruka. Wasichana wanasema ulipendeza. Sijawauliza ni nani aliyekusuka.

Juzi kundi likaniomba nifundishe mimi. Nikachagua Filipi, kwa kuwa ndiyo niijuayo. Msichana mgeni, ambaye hata hajauzoea wali wa huku, akauliza swali langu lile lile: kwa nini hawakukimbia? Nilirekodi jibu nikalifuta, nikarekodi nikalifuta. Mwishowe nikamwambia kwamba wao siwajui, ila mimi nilibaki kwa ajili ya mzee mmoja, na mpaka leo inaniuma.

Pumzika, dadangu. Kundi lako sitaliacha, nakuahidi. Na mkataba ukiisha, nikipewa pasipoti yangu mkononi, nitakuja Webuye nipige magoti kaburini pako tumalize ugomvi wetu. Ulikuwa umeshinda. Nilitaka tu kukwambia hivyo nikikusuka.

Ni mimi mbishi wako,
Jeska