Punguza, Mkwe!

Mwenzangu uko wapi?? Nimejifungia chumbani nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unalijua gitaa la umeme la mume wangu? Wiki nzima kalifumua matumbo. Vinasa sauti vipya chini ya nyuzi, vitufe vipya vya kuzungusha sauti, waya kalehemu mwenyewe. Fundi alipotaka kumsaidia akajibiwa, "Mimi si mtoto."

Leo mama yangu kaja kututembelea. Mkwe wa watu akataka kujionyesha. Kwa adabu zote akaiweka sauti nusu, akapiga nyuzi.

Vioo vya kabati vikatetemeka!!

Mama: "Mkwe, punguza."

Akazungusha kitufe, akapiga tena. Likanguruma zaidi.

"Punguza, baba!"

"Napunguza, mama!"

Jasho linamtoka, anazungusha kwa heshima mpaka mwisho. Chai inacheza kikombeni. NAPUNGUZA MAMA!! Siwezi, mwenzangu, siwezi.

Kumbe waya wa kushoto kaufunga kulia, kitufe kinakwenda kinyume!

Mama kaziba masikio, akamtazama weee, halafu akasema kwa upole wa mtu aliyelea watoto sita: "Basi, baba, ongeza."

Akaongeza. Kimya. Hata nzi ungemsikia.

Mama akanigeukia: "Miaka kumi na mmoja umeishi naye, siri hii hukuijua?"

Basi nikaona niijaribu. Sasa hivi nimechungulia mlangoni nikamwambia, "Vyombo viache tu, mume wangu, usivioshe."

Mwenzangu. Nasikia bomba la jikoni linafunguliwa.